Bei ya nyumba chakavu haitajwi siku ya kwanza

Pita Magomeni, Sinza au Temeke, hutakosa ukuta ulioandikwa kwa herufi kubwa: "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli." Mara nyingi aliyeandika ni mmoja wa ndugu katika familia isiyoelewana. Kwa anayetafuta nyumba yake ya kwanza, na ambaye mfuko unamwelekeza kwenye zile za kukarabati, maandishi hayo yana taarifa: nyumba kuukuu za mjini nyingi ni za urithi, na ubovu wake mkubwa huenda usiwe kwenye bati.

Dalali hatakuambia hivyo. Atasema, "Bosi, hapa ni kupaka rangi tu. Milioni 85, maongezi yapo." Hayo maongezi ndiyo yanayoponza. Mnunuzi amekaa kwenye kochi la mwenye nyumba, soda mkononi, anataja 70, wote wanacheka. Kuanzia hapo 70 haishuki tena, hata fundi akute nini. Siku ya kwanza sema umeipenda, utarudi. Namba kaa nayo.

Urudi na fundi wako, si wa dalali. Apande darini achome kenchi kwa bisibisi. Ikizama bila kazi, mchwa wameshamaliza, na hapo unapaua upya. Akishuka aangalie kona za madirisha. Ufa mwembamba wa lipu ni kawaida, lakini ule unaokata mshazari kwenda chini, na kidole kinaingia, chanzo chake kinaweza kuwa msingi. Lipu inayotoa unga mweupe karibu na sakafu ni chumvi. Ukiipaka rangi, masika yakipita unaiona tena. Mfunue chemba ya choo, hata kama mwenye nyumba atakunja uso. Kisha muulize mama anayechoma vitumbua jirani maji ya mvua huwa yanafika wapi. Huyo hana kamisheni.

Angalia pia rangi mpya. Nyumba nzima imechakaa, halafu kipande kimoja cha ukuta upande wa barabarani kinang'aa? Uliza chini yake kulikuwa na alama ya X, ile ya nyumba inayotakiwa kuvunjwa, au la. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro.

Sasa piga hesabu. Tuseme nyumba ya aina hiyo mtaani hapo, ikiwa imekarabatiwa, inauzwa milioni 90. Fundi amekadiria 24, paa na umeme vikiwemo. Ongeza 6, maana nyumba ya zamani ukibomoa lipu hukosi kukuta jingine. Weka 3 za wakili, upekuzi na ushuru wa stempu. Inabaki 57. Hapo ndipo kikomo chako. Anza na 50. Iandike ofa na uambatanishe makadirio ya fundi. Mwenye nyumba ukimwambia nyumba yake mbovu anakasirika, na ana haki; ukimwonesha bei ya mbao, mtabishana juu ya mbao.

Ofa hiyo iwe na masharti, nayo ni muhimu kuliko namba. Upekuzi wa hati ufanyike ofisi ya ardhi kabla hujatoa hata shilingi. Kama ni mirathi, anayeuza awe msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wenzake wajue. Kama ana mwenzi, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake. Muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana, hauhamishi hati. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, na iandikwe hivyo, maana wengi hutaka "hela mkononi, mengine utajua wewe".

Halafu kuna wapangaji, ambao kwenye mazungumzo ya bei husahaulika kabisa. Nyumba hizi nyingi zina vyumba vya nje, na huenda mtu kalipa kodi ya miezi sita mwezi uliopita tu. Muuzaji atasema, "Nimeshawaambia." Mkataba useme nani anawarudishia kodi iliyobaki, wanatoka tarehe gani, na kiasi gani cha bei unabaki nacho mpaka chumba cha mwisho kiwe wazi.