Pipa Moja, Majina Mawili



Katika kiwanda kimoja wenzetu walipokea mapipa ya namna mbili. La kwanza liliandikwa "isopentani", la pili "2-methilibutani". Walikuwa wamekatazwa kuwasha moto karibu na isopentani. Lile la pili wakadhani ni dawa nyingine, wakaliweka karibu na mahali pa kuchomelea vyuma. Msimamizi wa zamu aliliona mapema, likaondolewa. Ilikuwa bahati, nasi wafanyakazi hatutaki kuishi kwa bahati. Yaliyokuwamo katika mapipa yote mawili ni kitu kimoja.

Isopentani ni maji yasiyo na rangi, yenye harufu kama ya petroli. Tena imo ndani ya petroli yenyewe. Viwandani hutumiwa kuumua povu gumu la kuzuia joto, kama lile linalojazwa katika kuta za friji.

Mbona basi majina mawili? Kila chembe yake ina kaboni 5 na hidrojeni 12. Kaboni 4 zimejipanga mstari mmoja, na mstari wa kaboni 4 huitwa butani. Kaboni ya tano imechomoza ubavuni kama tawi, na tawi la kaboni moja huitwa methili. Tarakimu 2 yaonyesha kuwa tawi limeota kwenye kaboni ya pili. Hilo ndilo jina la wataalamu. "Isopentani" ni jina la mazoea: "penta" kwa Kigiriki ni tano, na "iso" ni sawa, yaani hesabu ni sawa na ya pentani ya kawaida, ila mpango ni mwingine.

Tawi hilo lina maana kubwa kwetu. Aliyewahi kufunga mzigo wa kuni anajua: vijiti vilivyonyooka hulaliana vikabanana, vyenye matawi huachana. Ndivyo zilivyo chembe hizi. Pentani iliyonyooka huchemka kwenye nyuzi 36 za Sentigredi, isopentani kwenye nyuzi 28 tu. Ndugu, mchana chini ya mabati joto hupita hapo! Pipa lililoachwa juani hujaa nguvu ya mvuke, na kizibo kikifunguliwa mvuke hutoka kwa kishindo.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu. Haupandi juu, bali hutambaa sakafuni na kuingia mitaroni, mpaka ukutane na jiko au cheche ya swichi. Hapo moto hurudi mbio mpaka kwenye pipa. Hewa yenye asilimia 1.4 tu ya mvuke huo yaweza kulipuka. Hata pasipo moto, mwenye kuuvuta hupata kizunguzungu, kuumwa kichwa na usingizi. Na kwa kuwa isopentani ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake ikiwaka. Kuupiga moto wake kwa mpira wa maji ni kuutawanya. Moto huo huzimwa kwa povu au unga wa kuzimia moto.

Tufanye nini? Kwanza, tutafute namba 1265 kwenye pipa. Ni namba ya Umoja wa Mataifa kwa pentani za maji, nayo haibadiliki kwa jina hili wala lile. Pili, tusinyonye mpira kwa mdomo tunapohamisha. Yakiingia mapafuni ni hatari kubwa. Tatu, pipa liunganishwe na ardhi kwa waya kabla ya kumimina, maana kumimina kwenyewe huzaa umeme wa cheche.

Nne, tudai haki yetu. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1990, unasema kemikali za hatari ziwe na maandishi ambayo mfanyakazi anayaelewa kwa urahisi. Unasema pia kuwa mfanyakazi mwenye sababu ya haki kuamini kwamba pana hatari kubwa iliyo karibu anaweza kuondoka hapo, na kumwarifu msimamizi wake mara moja.

Asiyeelewa maandishi ya pipa asione haya. Amwite mjumbe wa chama, walisome pamoja, ndipo kazi ianze.