Rimoti mfukoni yafungua gari la mnunuzi gulioni Mlali

Na Mwandishi Wetu, Mlali

MNUNUZI wa nyanya anayekuja Mlali na gari lake siku hizi analazimika kuchunga sakafu ya tenga, kuchunga fedha zake, na vilevile kuchunga mfuko wa suruali alimotia funguo. Huo mfuko ndio unaosahauliwa, na ndio ulioanza kuleta maneno sokoni.

Tunazungumzia Mlali ya Mvomero, mkoani Morogoro, siyo ile ya Kongwa. Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara kuu ya Iringa unakata kushoto Sangasanga, na njia hiyo hiyo ndiyo inayoendelea kupanda Mgeta kunakotoka kabichi, karoti, njegere na viazi. Mlali yenyewe iko chini ya milima ya Uluguru na sifa yake kubwa ni nyanya. Mzigo unakwenda soko la Morogoro mjini, na mwingine unavuka kwenda Dar es Salaam.

Zamani mzigo huo ulibebwa na malori na pikapu ambazo ufunguo wake ulikuwa kipande cha chuma tu. Malori hayajaondoka, lakini wamejitokeza wanunuzi wadogo, wengi wao akina mama, wanaokuja na Noah, IST au Probox, viti vya nyuma vimeng'olewa au kukunjwa, wakapakia matenga yanayoenea na kurudi siku hiyo hiyo. Magari haya yametoka Japani yakiwa yametumika, na karibu yote yana rimoti.

Sasa mtazame mnunuzi anavyofanya kazi. Nyanya hazinunuliwi kwa kutazama juu ya tenga, kwa sababu juu hupangwa nzuri. Mnunuzi mzoefu huchuchumaa, huingiza mkono hadi chini, hunyanyua tenga kuonja uzito wake, kisha husaidia kulisukuma kwa paja hadi kwenye gari. Mfuko wa mbele wa suruali una simu, sarafu, ufunguo wa kufuli la stoo na rimoti ya gari. Paja linapobana, kitu kigumu kinagusa kitufe, na kitufe hakijui kama aliyekibonyeza ni kidole au ni ufunguo wa kufuli.

Mwandishi wa habari hizi yalimkuta mwenyewe. Alikuwa ameazima Noah ya shemeji yake, ameliegesha hatua chache kutoka kwenye matenga, amefunga milango na kuvuta kitasa kuhakikisha. Alipokuwa amechuchumaa akibishana na mwenye nyanya, mzee mmoja aliyekaa kivulini alimwita: "Mwanangu, gari lako linapiga miayo huko." Alipogeuka aliona mlango wa pembeni, ule unaojivuta wenyewe kwa umeme, umefunguka wote. Chini ya kiti cha mbele kulikuwa na mkoba wenye fedha za kununulia mzigo. Haukuguswa. "Shikamoo mzee, ahsante sana," ndiyo maneno pekee yaliyopatikana wakati ule.

Kilichotokea si uchawi. Rimoti za magari ya abiria aina ya Noah mara nyingi huwa na kitufe cha ziada cha mlango wa pembeni. Kitufe hicho hakifanyi kazi kwa kuguswa tu, lazima kishikiliwe kwa muda mfupi. Watengenezaji waliweka masharti hayo makusudi ili kuzuia ajali ya mfukoni. Lakini mtu aliyechuchumaa hagusi, anabana, na anabana kwa muda mrefu kuliko kidole cha mtu yeyote.

Kitufe cha kawaida cha kufungulia kina kinga nyingine. Katika Toyota nyingi, ukifungua kwa rimoti na usifungue mlango wowote, gari hujifunga tena lenyewe baada ya nusu dakika hivi au dakika moja, kutegemea aina. Kinga hiyo ni nzuri na imewaokoa wengi ambao hata hawajui kwamba waliokolewa. Ila haisaidii pale mlango wenyewe unapokuwa umejivuta ukafunguka, kwani gari linaamini kuna mtu anaingia. Wala haisaidii ikiwa paja linaendelea kubonyeza kila baada ya dakika chache.

Kwa wenye magari ya Ulaya hali ni tofauti kidogo. Baadhi ya Volkswagen, BMW na Mercedes-Benz hushusha vioo vyote ukishikilia kitufe cha kufungulia. Kazi yake ni kutoa joto kabla dereva hajaingia. Mtu aliyeegesha gari la namna hiyo wakati wa masika, funguo zikabanwa mfukoni, atakuta viti vimelowa na atamlaumu fundi wa umeme bure.

Rimoti ya gari si kitu cha jana. Gari la Renault Fuego liliuzwa Ufaransa na rimoti tangu mwaka 1982, na Wafaransa hadi leo huiita "plip" kutokana na jina la mbunifu wake, Paul Lipschutz. Rimoti zilizofuata hazitumi namba moja siku zote. Kila ukibonyeza, hutuma namba mpya, na kipokezi kilichomo garini huhesabu pamoja nayo, ili mwizi akinasa namba ya leo isimsaidie kesho. Mfumo mmoja mashuhuri wa aina hiyo, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 na kununuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani mwaka 1995.

Hesabu hiyo ya pamoja ndiyo inayoleta shida ya pili. Ukibonyeza bila kujua ukiwa mbali, gari halisikii, lakini rimoti imekwisha kusonga mbele. Katika KeeLoq kipokezi kinavumilia tofauti ya hadi namba 16. Ikizidi hapo hakifungui kwa kubonyeza mara moja, ni mpaka ubonyeze mara mbili mfululizo ndipo kijipange upya. Wapo walioshinda shambani wakipanda na kushuka na rimoti mfukoni, jioni gari likagoma, wakaita fundi wakati dawa ilikuwa kubonyeza tena.

Turudi kwenye biashara. Malipo kwa simu yamepunguza fedha taslimu sokoni tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, lakini hayajazimaliza. Wakulima wengine wanataka noti, wabebaji wanataka noti, na sehemu ya mzigo bado inachukuliwa kwa mali kauli. Hapo ndipo jambo dogo la kitufe linapogeuka kuwa kubwa. Mwizi akivunja kioo, kuna vipande vya kioo chini na kila mtu anaona. Gari likijifungua kwa rimoti ya mwenye gari na likajifunga tena, hakuna alama yoyote. Kioo kizima, kitasa kizima, fedha hazipo. Mnunuzi anarudi kwa mkulima aliyempa matenga kwa mali kauli na kumwambia ameibiwa ndani ya gari alilolifunga mwenyewe. Mkulima amwamini vipi? Ukurasa huu haumlaumu mkulima akikataa.

Bima nayo haina msaada mkubwa hapo. Ile ndogo, ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo wengi wanayo kwa sababu sheria inailazimisha, inahusu madhara aliyofanyiwa mtu mwingine barabarani na haigusi mkoba uliokuwa chini ya kiti. Hata ile kubwa kwa kawaida inalinda gari, na fedha taslimu zilizoachwa ndani ni suala lingine kabisa. Mwenye bima kubwa asome mkataba wake kabla ya kujitapa.

Je, kinga ipo? Ipo, na nyingine haigharimu hata shilingi.

Iliyo bora kwa siku ya soko ni kuondoa betri ya rimoti. Wengi wanaogopa kwamba gari halitawaka. Kwa magari ya ufunguo wa kuzungusha woga huo hauna msingi. Chipu ya kuzuia wizi iliyomo kwenye kichwa cha ufunguo haitumii betri ile. Inapata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka tundu la swichi wakati ufunguo unapoingizwa. Unafunga na kufungua mlango kwa chuma, kama enzi za Datsun, na vitufe vinabaki pambo. Tahadhari ni moja: gari lililofungwa king'ora baada ya kuingia nchini huenda likapiga kelele ukifungua kwa chuma. Jaribu nyumbani kwanza, siyo mbele ya soko zima.

Rimoti hizo za ving'ora vya kuongezea, kwa maoni yetu, ndizo mbaya kuliko zote. Vitufe vyake vimejitokeza nje, vinabonyea kwa mguso mdogo, na kimoja huwa ni cha kupigia king'ora. Kinyume chake, rimoti nyingi za asili za Toyota zina vitufe vilivyolingana na uso wa kasha. Mwenye rimoti ya king'ora na ufunguo wa gari kwenye pete moja anabeba vitufe mara mbili bila sababu.

Kwa magari ya kuwasha kwa kubonyeza, yale yasiyohitaji kuingiza ufunguo, kuondoa betri kuna usumbufu wake. Gari bado litawaka ukigusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, na ndani ya rimoti kuna kijiufunguo cha chuma cha mlango ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukitoa. Wafanyabiashara wa namna hii wanafaidika zaidi na kibati kidogo chenye kifuniko. Kibati kinafanya kazi mbili kwa mpigo, kinazuia kitufe kubanwa na kinazuia mawimbi ya redio yasitoke. Kuifunga rimoti kwa karatasi ya aluminiamu, kama wengine wanavyoshauri, kunazuia mawimbi tu. Kitufe kitaendelea kubanwa ndani ya karatasi na betri itaendelea kuliwa.

Kava za mpira zinazotembezwa na wamachinga zinafaa, lakini mnunuzi atazame jambo moja kabla ya kulipa. Kava yenye ngozi nyembamba juu ya vitufe haizuii kitu, inahifadhi rangi tu. Inayofaa ni ile yenye ukingo mnene uliopanda juu kuliko vitufe, ili kitu bapa kikiegemea kikutane na ukingo kwanza. Fundi baiskeli anaweza kukutengenezea yako kwa pete ya tyubu kuukuu. Kata pete yenye upana wa vitufe, ivishe rimoti mara mbili, na katikati weka kipande kigumu cha plastiki kinachofunika vitufe bila kuvigusa. Haipendezi, lakini tumeijaribu na inafanya kazi.

Rimoti iliyochakaa haifai kuvishwa kava kabla ya kutengenezwa. Mpira wa juu ukitoboka, swichi ndogo iliyo chini hubaki wazi na hubonyea kwa mguso wowote. Maji ya mvua au jasho yakiingia, kitufe hukwama, rimoti ikawa inatuma bila kupumzika hadi betri inakufa. Kasha jipya tupu linapatikana kwa mafundi wa funguo mijini, na kazi ni kuhamisha bodi ya ndani. Usikubali kuuziwa rimoti nzima mpya kama tatizo ni kasha.

Ipo pia njia ya kurekebisha gari lenyewe. Magari mengi yanaweza kupangwa ili ukibonyeza mara ya kwanza ufunguke mlango wa dereva peke yake, na milango mingine ifunguke kwa mara ya pili. Swichi ya kuzima umeme wa mlango wa pembeni nayo ipo mbele ya dereva katika Noah nyingi. Ikizimwa, mlango haujivuti hata ukibanwa na tenga zima. Mwandishi huyu aliifahamu baada ya siku ile, shemeji alipomwonyesha huku akicheka.

Neno la mwisho ni kuhusu betri yenyewe, kwa kuwa tumeshauri itolewe. Rimoti nyingi hutumia betri bapa ya volti 3, CR2032 yenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, au CR2016 na CR1616 zilizo nyembamba zaidi. Rimoti za ving'ora vya kuongezea mara nyingi hutaka kale kadogo ka volti 12. Betri bapa ina ukubwa wa sarafu na mtoto huiona ni peremende. Ikikwama kooni huunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa mbili. Anayeitoa asiiache kwenye dashibodi wala kwenye kikapu cha mboga. Aifunge kwa utepe na kuiweka kwenye pochi, na mtoto akishukiwa kuimeza apelekwe hospitali papo hapo bila kusubiri dalili.

Wiki ijayo ukurasa huu utapanda Mgeta kuangalia lumbesa za kabichi.