Gari kuukuu lenye kutu: nunua ama achana nalo?

Mwenye gari anasema elfu themanini. Wewe unasikia elfu themanini. Hesabu huanza kukosea hapo hapo, kwa sababu hiyo ni bei ya kuliondoa gari kwake, si bei ya kuliendesha barabarani.

Kutoka Kondele hadi Ahero, na ukizunguka ghuba mpaka Homa Bay na Mbita, si ajabu kuona Peugeot 504 au Land Rover ya zamani imelala chini ya mwembe, magurudumu yamezama udongoni. Na si ajabu mtu kuiangalia na kuona mali. Sisi kazi yetu ni pesa, si spana. Lakini mradi wa aina hii hupitia kwenye simu yako kila hatua: malipo ya kwanza, bredauni, fundi, speya za kutoka Nairobi, ada za serikali. Ndiyo maana tumeandika mwongozo huu, uamue kabla ya kutuma shilingi ya kwanza.

Kwanza tuseme ukweli: hamu yenyewe si ujinga. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, na hapa Kenya iliendelea kuunganishwa Mombasa hadi 2004. Watu wengi wa Kisumu bado wanakumbuka Pijo za abiria zilizokimbia kwenda Nakuru na Nairobi. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho hapo juu tu, alishinda mara tatu: 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tangu 2003 kuna hata mbio za Safari Classic za magari ya enzi hizo. Tena, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likipita miaka 8, kwa hivyo magari ya zamani tuliyo nayo ni hasa yale yaliyobaki humu humu.

Lakini kuwa adimu hakutoshi. Gari kuukuu huwa mali likiwa linatembea na lina karatasi. Bila hivyo viwili, ni chuma cha kuuzwa kwa kilo. Basi jiulize maswali matatu, kwa mpangilio huu. Ukikwama kwenye swali moja, usiende kwa linalofuata.

SWALI LA 1: GARI NI LA NANI?

Watu wengi huanza na injini. Sisi tunakuambia uanze na karatasi, kwa sababu injini inatengenezeka lakini umiliki mbovu unaweza kukuponza hata gari likishapakwa rangi na kung'aa.

Ingia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, ulipie utafutaji wa rekodi za gari ukitumia nambari ya usajili. Rekodi itakuonyesha gari limeandikwa kwa jina la nani. Angalia pia kama kuna jina la benki au mkopeshaji kando ya jina la mwenyewe. Likiwepo, gari limewekwa dhamana na si lake peke yake kuuza.

Halafu nenda na rekodi hiyo mpaka kwa gari. Linganisha nambari ya chesisi na nambari ya injini, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye gari lenye kutu jambo hili lina uzito wa pekee: kutu inaweza kuwa imekula mahali nambari ilipochongwa. Nambari ikiwa haisomeki, au kipande hicho cha bati kimekatwa na kulehemiwa upya, huwezi kuthibitisha kwamba gari lililo mbele yako ndilo lililo kwenye rekodi. Usilipe chochote mpaka NTSA wenyewe wakueleze la kufanya.

Sasa tuje kwa lile linalowaumiza wengi. Magari mengi yaliyolala kwenye maboma yalikuwa ya mzee, na mzee alishafariki. Anayekuuzia ni kijana wake. Anasema, "Hii gari ni yetu, mama anajua." Hata kama anasema kweli, haitoshi. Chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeidhinishwa na mahakama, na kifungu cha 45 kinafanya kuingilia mali hiyo bila idhini kuwa kosa. Ukinunua bila karatasi za mahakama, huwezi kuhamisha umiliki, na siku ndugu yake mwingine atakaporudi nyumbani akute gari la baba halipo, ni wewe atakutafuta. Utakuwa umeshalipa fundi.

La kufanya ni rahisi: mwambie muuzaji, kwa heshima, kwamba utasubiri familia ipate idhini ya mahakama. Kama kweli wanataka kuuza, watakuelewa. Kama anasema "leta hata nusu leo," umeshapata jibu.

SWALI LA 2: KUTU IMEFIKA WAPI?

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa. Chumvi huiongezea kasi. Kwa hivyo gari lililoishi Mombasa kwa miaka mingi mara nyingi hali yake ni mbaya kuliko lile lililozeeka huku kwetu, kwa sababu maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari. Muulize mwenyewe gari liliishi wapi kabla ya kuja hapa.

Lakini sisi tuna tatizo letu: mafuriko. Kwenye tambarare za Kano, Nyando ikifurika, maji huingia hadi ndani ya nyumba, sembuse gari lililoegeshwa. Mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lenyewe lilipanda likafunika sehemu za ufuo. Gari lililowahi kuzama huficha tope mahali kitambaa hakifikii: ndani ya milango, chini ya zulia, nyuma ya dashibodi. Inua zulia unuse. Angalia ncha za waya kama zimeota rangi ya kijani. Gari la namna hiyo litakusumbua kwa umeme hata bodi ikiwa safi.

Beba vitu vitatu: tochi, sumaku ndogo na bisibisi. Zungusha sumaku kwenye bodi. Ikikataa kushika mahali panapofaa kuwa chuma, huenda chini ya rangi kuna puti iliyofunika tundu. Lala chini uangalie sakafu, lile bati refu lililo chini ya milango, na mahali springi na shoka zinapofungwa. Kwa ruhusa ya mwenyewe, gonga na udunge polepole kwa bisibisi.

Utapata aina tatu za kutu. Ya juu juu, inayokwanguliwa na kupakwa rangi: hiyo si shida. Iliyotoboa mlango, boneti au madigadi: ni kazi, lakini sehemu hizo hubadilishwa. Ya tatu ni iliyokula mifupa, na hapo ndipo pa kusimama. Kwenye 504 saluni, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Hakuna chesisi ya kando iliyobeba uzito, kwa hivyo sakafu na bati la chini ya milango vikioza, gari limepoteza nguvu zake. Land Rover za zamani nazo hudanganya kinyume: bodi ni ya aluminiamu haishiki kutu ile ya chuma, inakaa safi kabisa, kumbe chesisi ya chuma chini yake imekuwa kama biskuti. Usisifu bodi kabla hujaona chini.

Nenda na fundi wa bodi, na umlipe kwa ukaguzi huo peke yake. Awe fundi wako, si yule aliyeletwa na muuzaji. Na ujue kwamba fundi atakayepewa kazi yote ana sababu ya kukwambia gari ni zuri. Ukiweza, anayekagua asiwe ndiye atakayetengeneza.

SWALI LA 3: MFUKO UTAFIKA MWISHO?

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Wewe andika zako baada ya kuulizia Kibuye, kwa fundi wako na kwenye maduka ya speya.

Kununua gari: 80,000
Bredauni kulifikisha gereji: 8,000
Kulehemu sakafu na bati la chini: 60,000
Rangi: 45,000
Breki, tairi na shoka: 55,000
Waya na betri: 22,000
Uhamisho wa umiliki na bima: 15,000
Jumla: 285,000

Bado hatujamaliza. Gari kuukuu huficha, na ukishakata bati bovu ndipo unaona lililo nyuma yake. Ongeza theluthi moja: 95,000. Sasa ni 380,000. Ukitoa bei ya kununua, zinabaki 300,000 za kutafuta baada ya gari kuwa lako. Ukitaka kumaliza kwa mwaka mmoja, ni 25,000 kila mwezi.

Angalia vizuri. Hakuna mtu atakayekuja kukuomba laki tatu. Utaombwa thao mbili za gesi ya kulehemu, mia nane za misumeno, elfu nne za kabureta ya mitumba, mia tano za chai ya vijana. Pesa hutoka kidogo kidogo, na kidogo haiumi. Mradi hufa mwezi wa tano, bodi iko wazi, mvua ya masika imeingia, na bati jipya limeanza kushika kutu kabla halijapakwa rangi. Hapo gari lina thamani ndogo kuliko siku ulipolinunua.

Kwa hivyo tunapendekeza jaribio moja. Kabla ya kununua, fungua akiba ya kando kwenye simu yako na uweke zile 25,000 kila mwezi kwa miezi mitatu, kana kwamba fundi tayari anadai. Karo ikija, msiba ukija, usiiguse. Ukifaulu, utakuwa na 75,000 mkononi, karibu bei ya gari lenyewe, na utakuwa umejua kwamba unaweza. Ukishindwa mwezi wa pili, umepata jibu bila kupoteza kitu. Gari limelala miaka kumi. Miezi mitatu haitaliua.

Na tafadhali, usijenge gari kwa mkopo wa simu. Mikopo hiyo mingi hudai kurudishwa ndani ya siku 30. Mradi huu hauleti shilingi hata moja ndani ya siku 30.

UKIAMUA KUNUNUA, LIPA HIVI

Andikeni makubaliano mbele ya mashahidi: majina, nambari za vitambulisho, nambari ya chesisi, bei, na lini kila sehemu italipwa. Kisha tuma pesa kwa simu, usilipe taslimu, ili kila malipo yawe na meseji yake. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si jina lililo kwenye logbuku au kwenye karatasi za mahakama, simama. "Tuma kwa namba ya shemeji" si utaratibu.

Bakiza sehemu kubwa ya bei mpaka uhamisho ukamilike. Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen, nawe unaukubali kwenye yako. Usimpe mtu nywila yako akufanyie.

Ada za serikali kupitia eCitizen hulipwa kwa Paybill 222222. Mtu akikwambia umtumie yeye binafsi ada ya NTSA "ili isukumwe haraka", unaibiwa.

Kwa speya za kutoka Nairobi, omba picha ya kitu chenyewe kikiwa na karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo, na ulipe kwa Till ya duka badala ya namba ya mtu. Kumbuka pia kwamba huduma ya kurudisha pesa imewekwa kwa aliyetuma kwa namba isiyo sahihi. Haiwezi kukurudishia pesa kwa sababu gari limekukatisha tamaa.

Fundi naye mlipe kwa hatua iliyokamilika: sakafu ikiisha, uione, ulipe. Kila mwisho wa mwezi toa stetimenti yako ujumlishe malipo yote ya gari. Jumla ikipita bajeti na kazi haijafika nusu, simamisha kazi mzungumze.

UAMUZI WENYEWE

Nunua kama rekodi iko safi, mifupa ni mizima, na umefaulu jaribio la miezi mitatu. Achana nalo kama mwenye haki ya kuuza hajulikani au nambari ya chesisi haisomeki, hata ukipewa bure. Kama mifupa imeoza lakini injini, vioo na milango ni vizuri na karatasi ziko sawa, lipia bei ya speya, si bei ya gari.

Na kabla ya yote, ulizia bei ya gari la aina hiyo hiyo ambalo tayari linatembea. Kwenye mfano wetu, mtu akikuuzia 504 inayowaka na kufunga breki kwa 300,000, hiyo ndiyo rahisi, kwa 80,000 nzima. Usiogope kumwambia mwenye gari, "Mzee, asante, nitafikiria." Chukua simu sasa, fungua akiba hiyo ya kando, na uweke mwezi wa kwanza.