Sahihi Mbili: Mila na Desturi za Walimu na Mafundi wa Shule za Urubani

Kijana wa Bungoma anayetaka kujifunza urubani ana njia mbili mbele yake. Moja inakwenda mashariki, karibu kilomita 400, hadi Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi. Nyingine inakwenda magharibi, inavuka mpaka pale Malaba, inapitia Tororo na Mbale na kufika Soroti nchini Uganda, mwendo wa takriban nusu ya ule wa Nairobi. Njia hii ya pili inapita kwa jamaa. Wabukusu wa Bungoma na Wamasaba wa Mbale ni ndugu wa tohara moja, nao Wateso wa Soroti wana wenzao upande wa Kenya. Soroti ndiko Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikofungua chuo cha marubani na mafundi wa ndege mwaka 1971. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, chuo kikabaki.

Huku kwetu tuna viwanja vya kutulia, kama kile cha Kitale na kile cha Matulo karibu na Webuye. Ndege ndogo ikitua, macho ya wote humwendea rubani. Mimi nataka kuwazungumzia watu wawili waliomwezesha kufika: mwalimu aliyemfundisha na fundi aliyeitengeneza ndege yake. Watu hawa ni jamii yenye mila zake, miiko yake na namna yake ya kuheshimiana, na katika mila hizo mna jambo ambalo sisi tuliolelewa kuwatii wakubwa tunapaswa kulitazama kwa makini.

Jamii hii ina karibu miaka 100 katika Kenya. Aero Club of East Africa ilianzishwa mwaka 1927. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni ya Wilson Airways pamoja na rubani Tom Campbell Black, na mwaka 1962 uwanja uliokuwa ukiitwa Nairobi West ukapewa jina la mama huyo. Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl Markham, mwanamke aliyevuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi mwaka 1936. Jina la mwanafunzi linajulikana duniani kote. La mwalimu linakumbukwa na wachache. Ndivyo ilivyo hata leo kwa wengi wanaofanya kazi hii.

Siku yao huanza mapema. Katika nchi yetu ya magharibi, joto la mchana na unyevu wa Ziwa Victoria hujenga mawingu ya radi, na mara nyingi ngurumo huanza alasiri. Kwa hiyo ndege za mafunzo hutolewa hangani jua likichomoza. Kabla injini haijawashwa, mwanafunzi hupita chini ya bawa akiwa na chupa ndogo ya kioo na kutoa mafuta kidogo kutoka kwenye tangi. Petroli ya ndege hizi hutiwa rangi ya buluu ili itambulike. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya chupa yakionekana wazi. Akiyaona, anamwaga na kutoa tena mpaka chupa iwe buluu tupu. Kisha anaizunguka ndege nzima akiigusa kwa mkono: ukingo wa bawa, bawaba za mkia, tairi, propela. Mwalimu humtazama kwa mbali bila kusema neno. Mwanafunzi anayetazama bila kugusa hurudishwa mwanzo.

Namna wanavyoitana hueleza mengi. Mwalimu huitwa Kapteni, hata kama ana miaka 23 na bado analala chumba kimoja na nduguye. Fundi mwenye leseni huitwa Injinia, na akiwa amezeeka kazini huitwa Mzee tu. Anayejifunza huitwa kijana, awe wa kike au wa kiume, mpaka kazi yake imtambulishe kwa jina. Hangani hutumika Kiswahili, na mara nyingi lugha za nyumbani. Nimesikia Kibukusu kikisemwa chini ya injini kama kwamba tuko Chwele. Lakini kwenye redio na kwenye vitabu vya ndege lugha ni Kiingereza. Tangu mwaka 2008 rubani wa safari za kimataifa lazima apimwe Kiingereza chake na kufikia angalau daraja la 4 kati ya 6.

Kati ya mwalimu na fundi kuna tofauti moja kubwa ya maisha. Mwalimu kijana mara nyingi yuko safarini. Leseni ya urubani wa biashara huhitaji saa 200 hivi za kuruka, lakini leseni ya juu, ile ya kapteni wa ndege kubwa za abiria, huhitaji saa 1,500. Kufundisha ndiyo njia ya kuzipata saa hizo kwa mtu asiye na fedha za kuzinunua. Akizitimiza, anaagwa na kwenda kwenye shirika la ndege. Fundi hubaki. Yeye ndiye anayejua kwamba ndege fulani iliwahi kutua kwa kishindo miaka mingi iliyopita, na kwamba magneto ya kushoto ya ndege nyingine, kifaa cha kutoa cheche za injini, hupenda kusumbua wakati wa mvua. Walimu huja na kwenda, kumbukumbu ya shule inakaa na fundi.

Kalenda ya fundi ni saa za injini. Kila saa 50 oili hubadilishwa na kichujio kupasuliwa ili kutafuta vipande vya chuma ndani yake. Kila saa 100 injini hufunguliwa vifuniko, plagi hutolewa zote, mbili kwa kila silinda, na kupimwa moja moja. Zana zina ubao wake wenye michoro ya kila spana na kila bisibisi. Jioni, mchoro ukibaki mtupu, hakuna anayekwenda nyumbani na hakuna ndege inayoondoka mpaka zana ipatikane, kwa sababu bisibisi iliyosahaulika inaweza kukwamisha nyaya za usukani angani. Na kazi yoyote iliyogusa usukani hukaguliwa na watu wawili tofauti, kila mmoja akitia sahihi yake.

Desturi za mwalimu ziko angani. Yeye na mwanafunzi hukaa bega kwa bega, kila mmoja na usukani wake, na hakuna ruhusa ya kukisia ni nani anayeiongoza ndege. Mmoja hutamka kwamba ndege iko mikononi mwake, mwenzake hujibu kwa kuthibitisha, ndipo mikono inapobadilishana. Wanaporuka kwenda Kitale, uwanja ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mwalimu humwonyesha jinsi hewa nyembamba inavyoidhoofisha injini na kulipunguzia bawa nguvu ya kuinua. Ndege ambayo Mombasa hupaa upesi, hapa hutumia sehemu kubwa ya njia ya kurukia kabla ya kuinuka, na mafuta yanayochanganywa na hewa lazima yapunguzwe ili injini ivute vizuri.

Sherehe kubwa kuliko zote ni siku ya mwanafunzi kuruka peke yake. Kwa kawaida haitangazwi mapema. Baada ya kupaa na kutua mara kadhaa, mwalimu humwambia asimamishe ndege kando. Anafungua mlango, anaufunga mkanda wa kiti chake kitupu usije ukakwama kwenye usukani, anamkumbusha kwamba ndege imekuwa nyepesi na itapaa upesi kuliko alivyozoea, kisha anashuka. Mwanafunzi huzunguka uwanja mara moja na kutua. Akirudi, wenzake humngojea na ndoo za maji na kumlowesha kuanzia kichwani. Marekani wao hukata kipande cha nyuma cha shati lake, desturi ya enzi ambazo mwalimu alikaa nyuma na kumvuta mwanafunzi shati ili amsikilize.

Mbukusu akitazama sherehe hii huona jambo analolijua. Agosti ya mwaka wa shufwa, mvulana anayejiandaa kutahiriwa hupiga njuga za chinyimba akiwazungukia jamaa kuwaalika. Huenda kwa mjomba kupokea likhoni, kipande cha nyama anachovishwa shingoni, hupakwa matope mtoni alfajiri, kisha husimama uani bila kushikwa na mtu. Umati wote uko pale, lakini hakuna awezaye kusimama kwa niaba yake. Baadaye huja khubita, mafundisho ya utu uzima, na waliotahiriwa pamoja hubaki marika maisha yao yote. Lakini mila hizi mbili zinaachana mahali pamoja. Kwetu mvulana mwenyewe ndiye anayesema yuko tayari, na akishasema, aibu ya kurudi nyuma ni kubwa mno. Kwenye uwanja wa ndege mwanafunzi hana ruhusa ya kujitangaza. Mwalimu ndiye anayetia sahihi kitabuni, na asipotia, hakuna sherehe.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo. Urubani ni ghali. Familia nyingine huuza shamba, nyingine huitisha harambee, na mtoto huondoka nyumbani akiwa amebeba matumaini ya ukoo mzima. Kila saa ya kuruka hulipiwa. Mzazi anapiga simu akiuliza mbona mwenzake ameruka peke yake na wake bado. Mwalimu kijana, aliyefundishwa tangu utotoni asimjibu mzee kwa ukali, lazima aseme hapana kwa adabu na asitikisike. Vivyo hivyo fundi. Wanafunzi wanasubiri, mwenye shule anahesabu hasara, na yeye anashikilia kalamu bila kuandika kwa sababu silinda moja imepoteza mgandamizo.

Naamini desturi hii ya kukataa ndiyo iliyo kuu katika jamii hii, na sehemu yake yenye thamani zaidi ni kwamba hata mdogo anaruhusiwa kuitumia. Tazama jambo dogo la kila siku. Kijana wa mazoezi ameinama chini ya injini ambayo mkubwa wake amemaliza kuifanyia kazi.

"Mzee, samahani. Naona kichujio cha oili hakijafungwa waya wa usalama."

"Kipi?"

"Hiki hapa, Mzee. Sioni waya."

Mzee anachukua tochi, anainama, anatazama kwa muda. "Ni kweli. Asante, kijana. Lete waya na koleo."

Hakuna aliyeinua sauti na hakuna aliyeaibika. Kijana ametumia maneno yote ya heshima, na bado amesimamisha kazi ya mtu mwenye umri wa babake. Mzee naye amemshukuru mbele ya wengine, ili wote wajue kwamba kesho nao wanaweza kusema.

Ulimwengu wa ndege uliilipia desturi hii kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wenye ukungu huko Tenerife, Boeing 747 ya KLM ilianza mbio za kupaa wakati Boeing ya Pan Am ingali kwenye njia hiyo hiyo ya kurukia. Fundi aliyekuwa chumba cha marubani cha KLM alisikia jambo kwenye redio akauliza kama wale wengine wameshatoka. Kapteni, aliyekuwa mkuu wa mafunzo ya ndege hizo katika shirika lake, alijibu kwamba wametoka, akaendelea. Swali halikurudiwa. Watu 583 walikufa. Tangu hapo marubani duniani kote hufundishwa kwamba mdogo ana wajibu wa kusema mara ya pili, na mkubwa ana wajibu wa kusimama na kusikiliza.

Sisi wa huku tumeijua huzuni ya ndege kwa karibu. Tarehe 5 Juni 2018, ndege ndogo aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na wote 10 waliokuwamo wakafariki. Kila anayemfundisha mwanafunzi njia ya kati ya Kitale na Nairobi ana sababu ya kumwonyesha milima hiyo kwenye ramani na kumtajia urefu ambao hapaswi kushuka chini yake mawingu yakifunika.

Mambo yanabadilika pia. Irene Koki Mutungi, aliyeanza masomo yake Wilson, mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787, na wasichana wengi wamepata moyo. Lakini tunawaambia watoto wetu habari za marubani tu. Injini iliyowarusha ndugu Wright mwaka 1903 ilitengenezwa na fundi wao, Charlie Taylor, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 24 Mei, huadhimishwa na mafundi wa ndege. Bungoma na Trans Nzoia zina vijana waliozaliwa kando ya mitambo ya sukari ya Nzoia na ya karatasi ya Webuye, na wengine wako sasa hivi katika Kitale National Polytechnic na Sang'alo wakijifunza kufungua injini. Hao wana mikono inayotakiwa hangani. Kinachopungua ni mtu wa kuwaambia kwamba leseni ya fundi wa ndege ni heshima kamili, wala si kazi ya aliyekosa ada ya urubani.

Basi mzazi anayetaka kumpeleka mtoto shule ya urubani, iwe Nairobi au Soroti, asitosheke na uzuri wa rangi ya ndege. Aingie hangani. Aulize ni nani anayetia sahihi vitabu vya ndege, na kama mtu huyo aliwahi kumkatalia mwenye shule. Amuulize mwalimu ni mwanafunzi gani aliwahi kumrudisha nyuma, na kwa sababu gani. Akijibiwa waziwazi, bila watu kutazamana, mtoto wake atakuwa amefika mahali penye mila nzuri. Na akirudi nyumbani na mwanawe siku moja akamwambia, "Baba, samahani, hapo umekosea," asimkemee haraka. Amwulize ameona nini.