Trela ya Maji Inapocheza Barabarani

Wasomaji wetu wa kaskazini wanajua jinsi barabara ya Isiolo hadi Moyale ilivyokuwa. Ilikuwa mawe na vumbi, na gari iliyovuta trela ilikwenda kilomita 30 kwa saa, ikijaliwa. Katika miaka ya 2010 lami ilikamilika, nasi sote tukashukuru. Lakini kuna jambo moja ambalo halikufikiriwa sana. Trela za vikundi vyetu zilibaki zile zile, madereva wale wale, ila mwendo ukapanda hadi 80, hata 90. Tangu hapo tunapotembelea vikundi vya maji tunasikia neno hili mara kwa mara: "Hiyo trela inacheza." Inapepesuka kushoto na kulia nyuma ya pikapu, dereva anatoka jasho, na wakati mwingine inamshinda.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Trela ya kikundi imenunuliwa kwa mkopo na kwa michango ya akina mama ya kila wiki. Ikipinduka, deni linabaki. Na kando ya barabara hiyo kuna watoto wa shule, wachungaji na mifugo yao. Kwa hiyo tunaomba kamati, si dereva tu, isome makala haya.

Tuanze na mkokoteni wa punda, maana kila mtu ameuona. Ukipakia magunia yote nyuma ya ekseli, ile miti ya mbele inainuka na kumwinua punda kwa mkanda wa tumbo, hata miguu inakosa nguvu ya kukanyaga. Ukiyapakia yote mbele, mgongo wa punda unaumia. Mwenye mkokoteni husogeza mzigo mpaka punda abebe uzito kidogo tu, wa kutosha kuituliza miti. Trela ni vivyo hivyo, punda ni pikapu. Tofauti ni kwamba punda haendi kilomita 80 kwa saa.

Trela ikiwa na uzito mwingi nyuma, mkono wake unakuwa mwepesi pale unaposhikana na gari. Kitu kidogo kikiigusa, kama upepo au shimo, mkia wa trela unatupwa upande mmoja. Ukitupwa kushoto, mkono wa trela unasukuma mkia wa pikapu kuelekea kulia, na pua ya pikapu inageukia kushoto. Tairi zinajaribu kuirudisha trela katikati, lakini inapita katikati na kwenda upande wa pili. Ukiwa na mwendo mdogo, msuguano wa tairi na barabara unakula nguvu ya mchezo huo na baada ya mara mbili tatu unaisha wenyewe. Mwendo ukipita kiwango fulani, kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Hapo hakuna dereva hodari. Kiwango hicho hakiko sawa kwa kila trela, kinategemea jinsi ilivyoundwa na jinsi ilivyopakiwa. Ndiyo sababu mtu anaweza kusema, "Mimi nimevuta trela miaka ishirini na haijawahi kucheza," na akawa anasema kweli, mpaka siku ile amepakia tofauti.

Wenye kuchunguza mambo haya zaidi ni watu wa Ulaya na Marekani, ambao huvuta nyumba za magurudumu, yaani karavani, wanapokwenda likizo. Nyumba hizo ni ndefu na nyepesi, upepo unazisukuma kwa urahisi. Chuo Kikuu cha Bath huko Uingereza kilifanya majaribio ya gari na trela katika mwendo wa kasi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Uzito unaokaa kwenye mkono wa trela ni jambo kubwa, na pia namna mzigo ulivyotawanywa. Mizigo mizito miwili ikiwekwa mmoja mbele kabisa na mwingine nyuma kabisa, trela inaweza kupimwa na kuonekana iko sawa, kumbe ikianza kuyumba ni vigumu kuituliza. Ni kama mtu anayezunguka akiwa amenyoosha mikono yenye mawe. Mzigo mzito uwe karibu na ekseli, uwe chini, usogee mbele kidogo tu.

Kidogo ni kiasi gani? Kwa karavani za Marekani hushauriwa mkono ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo wake. Ulaya huridhika na asilimia 5 hadi 7, kwa kuwa magari yao madogo hayaruhusiwi kubeba uzito mkubwa hapo nyuma. Sisi tunashauri vikundi vianze na 10, mradi tu isizidi kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari na wa kifaa cha kuvutia.

Sasa hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Ongeza chuma cha trela, tuseme kilo 350. Jumla ni kilo 1,350, na asilimia 10 yake ni kilo 135. Uzito huo ndio unaotakiwa kukaa kwenye mkono. Utaupimaje kijijini? Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia au mbuzi, inatosha ikiwa inafika kilo hizo na una mahali imara pa kuitundika. Kama una mizani ndogo ya kusimama, ya zahanati, tumia mbao. Ncha moja ya mbao iegemee tofali, ncha nyingine iegemee mizani, zote ziwe na kimo kimoja. Shusha mkono wa trela juu ya mbao, futi moja kutoka kwa tofali na futi mbili kutoka kwa mizani. Mizani itasoma theluthi moja ya uzito, kwa hiyo unazidisha kwa tatu. Ikisoma 45, mkono una kilo 135. Kabla ya kuanza, trela isimame mahali tambarare, iwe imepakiwa, na magurudumu yake yawekewe mawe mbele na nyuma. Asiwepo mtu chini yake.

Maji yana hila yake ambayo magunia hayana. Tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa au lililo tupu, kwa sababu maji yanakimbia. Kwenye kona yanakwenda upande, ukipanda mlima yanakwenda nyuma na kuinua mkono wa trela, ukipiga breki yanasukuma mbele. Matangi ya malori ya maji huwekewa kuta ndani zenye matundu ili maji yasikimbie. Tangi la plastiki la nyumbani halina kuta hizo, maana lilitengenezwa likae juu ya msingi. Kikundi kisicho na uwezo wa tangi la namna hiyo kingefanya vizuri kutumia mapipa ya lita 200. Mapipa manne yaliyojaa kabisa, yenye vifuniko na yaliyofungwa kwa kamba imara, ni lita 800 ambazo hazitembei, na unaweza kuyasogeza hadi mkono upate uzito wake.

Ila hapo kuna kosa ambalo tumeliona mara nyingi wakati wa kugawa maji. Nyumba za kwanza zinapewa maji ya mapipa ya mbele kwa sababu ni karibu kufikia. Trela inaondoka na mapipa mawili yaliyojaa nyuma na matupu mbele, na safari ya pili ndiyo inayocheza. Toeni maji ya nyuma kwanza, trela ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Na vijana wasipande nyuma ya trela. Zaidi ya hatari ya kuanguka, watu watatu waliokaa kwenye ukingo wa nyuma ni kama kilo 200 mahali pabaya kabisa. Mbuzi nao wanaoachwa wazungukezunguke ndani ya trela huleta taabu hiyo hiyo, hivyo wawekewe kizuizi katikati.

Kwa wanaotengenezewa trela na fundi wa jua kali, mtazameni akiwa bado hajachomelea. Ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati ya kitanda cha trela, si katikati hasa wala mbele. Mkono mrefu unatulia kuliko mfupi, hata kama unakula chuma zaidi. Kifaa cha kuvutia kifungwe kwa bolti kwenye chesisi ya gari, siyo kuchomelewa kwenye bampa. Kadiri kinavyotokeza nyuma ya ekseli ya gari ndivyo trela inavyopata nguvu ya kuisukuma gari kando. Kitanda cha trela kilale sawa na ardhi, kisiinue pua. Pikapu ikibonyea sana nyuma, springi zimechoka au uzito umezidi, na tairi za mbele zinakuwa nyepesi hata usukani hausikii vizuri.

Kile kichwa cha mviringo ambacho trela inakalia kina vipimo viwili vinavyofanana. Cha Ulaya ni milimita 50, cha Kimarekani ni inchi mbili, yaani milimita 50.8. Macho hayaoni tofauti, lakini kikombe cha inchi mbili juu ya kichwa cha 50 kinalegea na kinaweza kuchomoka. Soma namba zilizopigwa kwenye chuma. Ukishafunga, weka jeki chini ya mkono wa trela na uinue kidogo. Mkia wa gari ukiinuka pamoja nao, imeshika. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono kama msalaba, ili mkono ukichomoka uanguke juu ya minyororo badala ya lami.

Tairi hatutazieleza kwa urefu. Upepo upimwe zikiwa baridi, ufuate kiwango cha mtengenezaji kwa uzito unaobebwa, na zote mbili za ekseli moja zilingane. Tairi laini huyumbisha trela hata iliyopakiwa vizuri. Tazama pia namba nne ubavuni: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Trela nyingi hupewa tairi zilizokataliwa na pikapu, jambo ambalo hatuelewi, kwa kuwa trela ndiyo inayobeba tani.

Halafu upepo wa Mungu. Kuelekea Loiyangalani upepo ni mkali kiasi kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo ilijengwa huko na kuzinduliwa mwaka 2019. Tangi refu linashika upepo kama tanga la mashua. Lori kubwa linapokupita, hewa yake inakusukuma kwanza halafu inakuvuta. Punguza mwendo kabla halijakufikia, si baada. Kwenye mteremko ingia gia ndogo ukiwa bado juu, kwa kuwa trela inayosukuma kutoka nyuma huanza kucheza upesi kuliko inayovutwa. Sisi tunawaambia vikundi vyetu 60 kwa saa inatosha wakiwa na maji, na chini ya hapo penye upepo au mteremko.

Ikianza kucheza, ondoa mguu kwenye mafuta na ushike usukani imara, ukiwa umenyooka. Usipige breki ya gari kwa nguvu, maana gari itapungua na trela itaendelea kuja. Usijaribu kuifuata kwa usukani kushoto na kulia, kwa kuwa mkono wa binadamu unachelewa na unaongeza mchezo. Kama trela ina breki zake zinazoshikwa peke yake kutoka ndani ya gari, zitumie polepole. Kuna madereva wanaofundishana kuongeza mafuta ili trela "inyooke". Huo ni ushauri mbaya. Hata ikinyooka kwa dakika moja, sasa uko katika mwendo mkubwa zaidi, na mwendo ndio uliouleta ugonjwa. Ikitulia, tafuta mahali salama, simama, utafute sababu. Kuendelea tu kwa sababu imeacha ni kungojea shimo linalofuata.

Tunarudi kwa kamati. Katika kikundi kimoja tuliuliza kwa nini kijana wao anakimbiza trela, na jibu lilikuwa rahisi: analipwa kwa safari. Safari nne ni pesa, tatu ni pesa kidogo. Unaweza kumhubiria juu ya mwendo mpaka jua litue na hutambadilisha, maana ana watoto. Kikundi hicho sasa kinamlipa kwa siku, na mhasibu anaandika kwenye daftari saa ya kuondoka na ya kurudi. Wakati wa ukame mrefu wa 2020 hadi 2023, watu walipongoja maji na mitungi mitupu, tunajua ilikuwa vigumu kumwambia mtu aende polepole. Lakini trela iliyolala kando ya barabara haikufikisha hata mtungi mmoja.

Safari ya kurudi isisahauliwe. Trela tupu inarukaruka, na mapipa matupu yasipofungwa yanabingirika hadi nyuma. Yafungwe mbele, vifuniko vikiwa vimekazwa, na maji yaliyobaki chini ya tangi yamwagiwe miti kabla ya kuondoka.