Utangulizi: Ua wa Mpaka na Sheria Yake

Anayeanza kujifunza sheria ya ardhi huko Gusii ameanzia pazuri. Sensa ya 2019 ilikuta watu 957 kwa kila kilomita mraba katika Kaunti ya Kisii, na shamba lililorithiwa mara tatu huwa kipande chembamba kinachoteremka kutoka barabarani hadi mtoni. Nyamira nako mambo ni hayo hayo. Hapo, ua wa mnyaa au kayaba ukisogezwa hatua moja, mtu amepoteza mistari miwili ya mahindi, na hilo ni la kupelekana kwa chifu.

Wengi hudhani ramani ndiyo inayoamua. Usajili ulipoenea huku katika miaka ya 1960, wapimaji wa Kenya walitegemea picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Wakulima walihimizwa kupanda ua juu ya mpaka waliokubaliana, ili uonekane kutoka angani na mchoraji aufuate. Ua ulitangulia, mstari ukaja baadaye. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inalikubali hilo: kwa kifungu cha 18, ramani huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Kwa skeli ya 1:2,500, mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita hufunika mita moja na robo ya ardhi. Ndugu hukosana kwa chini ya hapo.

Ndiyo maana kifungu cha 20 kinamtaka kila mwenye shamba atunze ua, jiwe au bikoni ya mpakani. Cha 21 kinamtishia anayeung'oa au kuuharibu bila idhini ya Msajili: kifungo kisichozidi miaka 2, faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, pamoja na gharama ya kuurudisha. Kule England na Wales, kanuni za 1997 nazo humzuia mkulima kung'oa ua wa shambani bila kuiarifu halmashauri, ila zinalinda ndege, mimea na historia ya mandhari. Kwetu kinacholindwa ni ushahidi.

Kesi ya mpaka haisikilizwi mahakamani kabla Msajili hajauamua. Fuatana naye siku anayokuja na serveya. Tepu ikishanyoshwa, macho yote huinama: visiki vilivyooza, chipukizi la mnyaa lililoota tena, na pale mpaka unapokata mteremko, tuta la udongo uliozuiwa na ua kwa miaka mingi ya mvua. Mtu mwenye jembe angeyafuta hayo yote kwa asubuhi moja.

Anza na fumbo hili. Jirani anang'oa kayaba, anapanda mikaratusi mstari ule ule, kisha anasema mpaka haujasogea. Mimi nashikilia kwamba amevunja kifungu cha 21, kwa kuwa sheria inailinda alama yenyewe na idhini hakuiomba. Wapo mawakili watakaosema kuwa alama ni mstari, si mti. Sura ya kwanza inawapa nafasi ya kujieleza.