Wanaofukuzia tufani na sisi tunaoikimbia: Kiswahili cha watazamaji mbele ya skrini kubwa

KITENZI ‘fukuza’ kina sura mbili. Askari humfukuza mwizi akitaka kumkamata. Mwajiri humfukuza mfanyakazi akitaka asimwone tena. Mmoja anakimbilia, mwingine anaondosha, na neno ni lile lile. Vijana wa Nairobi wamelitatua tatizo hili kwa kuongeza kiambishi cha utendea: mtu ‘anafukuzia’ dili, ‘anafukuzia’ tenda, ‘anafukuzia’ msichana. Hapo huna shaka kwamba anakitaka kile anachokikimbilia.

Tofauti hiyo ndogo humsumbua yeyote anayejaribu kueleza kwa Kiswahili filamu za makala kuhusu watu wanaoandama tufani. Ukisema ‘wafukuza tufani’, msikilizaji atakuuliza: wanaifukuza iende wapi? Katika jamii zetu nyingi mtu mwenye ujuzi wa mvua hutarajiwa aivute inapochelewa au aizuie inapozidi. Kuifuata na gari na kamera ni jambo lisilo na jina. Ndiyo maana, msomaji mpenzi, leo nataka tutazame maneno yanayowatoka watazamaji wa filamu hizi, kwa sababu maneno hayo yanatuambia mengi kuliko filamu zenyewe.

Filamu za skrini kubwa

Mfano mzuri ni ‘Tornado Alley’ ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Sean Casey na kusimuliwa na mwigizaji Bill Paxton. Ilitengenezwa kwa ajili ya kumbi za IMAX. Casey aliunda gari la chuma, zito kupita tani 6, ili aingie nalo ndani ya kimbunga cha nchi kavu na kukipiga picha kutoka tumboni mwake. Sambamba naye, filamu inawafuata wanasayansi wa mradi wa VORTEX2 waliotembea na rada katika nyanda za kati za Marekani mwaka 2009 na 2010, wakitaka kujua kwa nini mawingu fulani huzaa vimbunga na mengine hayazai.

Nairobi ilipata skrini ya aina hiyo mwaka 2012 katika jumba la 20th Century, Barabara ya Mama Ngina, katikati ya jiji. Wakazi wa magharibi mwa jiji walikuwa na kumbi zao katika maduka makubwa ya Westlands na ya kandokando ya Barabara ya Ngong. Na mtu asiyekwenda sinema aliweza kuketi nyumbani akatazama mfululizo wa ‘Storm Chasers’ wa Discovery Channel, uliotengenezwa kati ya 2007 na 2011.

Skrini kubwa ina tabia yake. Haikupi pembeni pa kuegeshea macho. Wingu likianza kuzunguka, linazunguka mbele yako, juu yako na ubavuni mwako, na sauti inatetemesha kiti. Hapo mtu hutoa neno kabla hajalichagua.

Hofu huchagua lugha

Wanasarufi huyaita maneno hayo vihisishi. Wengine huyaita viingizi. Vitabu vya shule hutupa orodha ile ile: lo! salale! ala! lahaula! Ni maneno mazuri, lakini keti katika ukumbi wowote wa Nairobi usikilize. Utasikia ‘Ngai!’, jina la Mungu ambalo Wakikuyu, Wakamba na Wamaasai wote hulitambua. Utasikia ‘Uwi!’, ukemi wa Waluo wa kuitia msaada. Utasikia ‘Mama yoo!’, ‘Woi!’, na ile ‘Wueh!’ ambayo siku hizi haina kabila. Mtu anayezungumza Kiingereza ofisini na Sheng kwenye matatu hurudi kwa mamake mara tu kimbunga kinapong’oa paa la nyumba ya jirani, hata kama jirani huyo yuko Oklahoma.

Baada ya kihisishi hufuata hatua ya pili, nayo ni amri: ‘Rudi nyuma!’ ‘Toka hapo, wewe!’ ‘Kimbia bana!’ Mtazamaji anajua vyema kwamba aliye kwenye skrini hamsikii. Anampa ushauri hata hivyo, kama tunavyomshauri mchezaji wa mpira kupitia runinga. Hatua ya tatu ni hukumu: ‘Huyu anakitafuta kifo.’ ‘Hawa watu hawana watoto nyumbani?’

Hukumu hiyo haikukosa msingi. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na mji wa El Reno huko Oklahoma, mtafiti Tim Samaras aliuawa na kimbunga pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Kimbunga hicho kilikuwa na upana wa takriban kilomita 4. Samaras alijulikana miongoni mwa wenzake kama mtu mwangalifu.

Nani humwandika mtazamaji?

Kupiga kelele mbele ya skrini kumewahi kutumiwa kutudharau. Kati ya 1935 na 1937, kundi lililoongozwa na Leslie Notcutt na Geoffrey Latham lilitengeneza filamu za mafunzo huko Vugiri, Tanganyika, na kuzizungusha kwa lori katika Afrika Mashariki na Kati, zikiwa na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yaliyorekodiwa kwenye sahani za santuri. Wakoloni walivutiwa mno na jinsi watazamaji walivyoitikia. Katika enzi hiyo ilisambaa hadithi ya wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaza skrini, nao wakasema kwao hakuna ugonjwa huo kwa sababu mbu wao ni wadogo. Hadithi hiyo ilisimuliwa katika nchi moja baada ya nyingine, na wanahistoria wa sinema siku hizi wanaitilia shaka. Tena inafanana na ile ya Wafaransa wanaodaiwa kutimua mbio walipoonyeshwa gari la moshi likifika kituoni katika filamu ya ndugu Lumière, ambayo nayo imetiliwa shaka.

Hata tukiikubali, ni nani aliyesema wale wanakijiji hawakuwa wakitania? Mtu anayeambiwa jambo na mgeni kupitia mbu wa ukubwa wa ng’ombe ana haki ya kufanya mzaha. Kosa la waandishi wale lilikuwa kuyaandika maneno ya watazamaji bila kuuliza yalisemwa kwa sauti gani.

Nenda Kangemi au Kawangware, kwenye vibanda vya video, utaona utamaduni ambao hauoni haya kusema. Huko filamu ya kigeni haikamiliki bila msimulizi. DJ Afro amejijengea jina Kenya nzima kwa kuzisimulia filamu upya kwa Kiswahili cha mtaani, akiwapa wahusika majina, akiwacheka na kuwaonya. Uganda wana kina VJ Jingo, na Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kazi yao hupita tafsiri. Wanachukua kile ambacho mtazamaji angekisema kwa kihisishi na kukigeuza kuwa maelezo. Katika ukumbi wa maduka makubwa mtazamaji anabaki na ‘Wueh!’ yake, kibandani kuna mtu wa kumwambia wingu lile linafanya nini.

Jina gani kwa upepo gani?

Lakini hata msimulizi hodari atakwama kwenye msamiati. Kiswahili kina hazina ya maneno ya upepo kwa sababu kilikulia baharini. Kuna kaskazi na kusi, pepo mbili zilizoendesha majahazi. Kuna matlai na umande. Kwa hatari, tuna dhoruba na tufani, yenye asili ya Kiarabu, na tuna kimbunga. Kwa upepo unaozunguka kama pia tuna kisulisuli na chamchela. Kwa maji tuna mafuriko, kutokana na kitenzi furika, na gharika, lenye mzizi wa kuzama.

Tatizo ni kwamba Nairobi imeyaweka maneno haya yote katika kapu moja. ‘Kimbunga’ hutumiwa kwa dude la baharini lenye upana wa mamia ya kilomita na pia kwa mkonga wa upepo unaoshuka kutoka wingu moja na kupita kijijini kwa dakika chache. Haya ni mambo mawili tofauti. La kwanza huhitaji bahari yenye joto na msokoto wa dunia, na msokoto huo ni hafifu mno karibu na ikweta; ndiyo maana Nairobi, iliyo takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, haikijui. Unguja inakijua: mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kilivunja merikebu za Sayyid Barghash na kung’oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania kikiwa kimepungua nguvu.

Pendekezo langu ni kwamba ‘kimbunga’ kibaki na bahari, na ‘chamchela’ lipewe ule mkonga wa nchi kavu. Atakayeuliza kwa nini tusiseme tu ‘tonado’, nitamjibu kwamba neno tunalo, limelala tu.

Neno linapokuwa suala la uhai

Mtu anaweza kuona kwamba haya ni mambo ya wasomi wasio na kazi. Sivyo. Tangu mvua kubwa za 1997 na 1998, ‘El Nino’ limekuwa jina la kila mafuriko nchini Kenya. Oktoba 2023 taifa zima lilijadili iwapo mvua iliyokuwa njiani ni El Nino au ni mvua iliyozidi kawaida. Tulibishana kuhusu jina, na kufikia mwisho wa Novemba mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 100. Aprili 2024 mito ya Nairobi ilivunja kingo, Mathare ikazama, na alfajiri ya tarehe 29 maji yakapita Mai Mahiu yakichukua watu makumi usingizini. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanana na wingu la Oklahoma. Hatari yetu kubwa ni maji yanayotembea chini gizani, na hayavutii kamera.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ina makao yake Dagoretti Corner, kwenye Barabara ile ile ya Ngong tunayopitia kwenda sinema. Ilani zake mara nyingi husema mvua itapita milimita 20 kwa saa 24. Nani ataogopa milimita 20? Ni urefu wa kiungo cha kidole. Sasa ilani hiyo tuisimulie kwa namna ya kibandani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ploti ya 50 kwa 100, ile kila mtu anayoifukuzia, itapokea takriban lita 9,300, karibu bauza zima la maji la lita 10,000. Kila ploti ya mtaa wako imwagiwe bauza lake kwa siku moja, kisha mtaro uwe umezibwa kwa taka. Hapo mtu atasema ‘Ngai!’ kabla ya maji kufika, na hiyo ndiyo saa inayofaa.

Idara yenyewe imeonyesha kwamba inawezekana. Huko Bunyore, Kaunti ya Vihiga, wanasayansi wake walikaa na wazee wa Nganyi, ukoo unaojulikana kwa elimu ya mvua, wakalinganisha utabiri wa pande mbili na kuutoa kwa lugha ya wenyeji. Watu walisikiliza kwa sababu walisikia sauti wanayoijua.

Skrini kubwa itaendelea kutuonyesha tufani za wenzetu, nasi tutaendelea kupiga ukemi. Si vibaya. Lakini baada ya ukemi lazima awepo mtu wa kueleza, kwa Kiswahili ambacho mama muuza mboga wa Kangemi hatahitaji kukifasiriwa. Wasimulizi tunao, na maneno tunayo. Kilichobaki ni wale wa Dagoretti Corner kumpigia simu mmoja wa wasimulizi hao kabla ya masika yajayo.